Uwanja wa mtaa ukishazungushiwa mabati mmeshachelewa

Kama mtaa wenu unakua haraka na bado mna uwanja wa umma, nendeni mkatafute mchoro wake wa mipango miji kabla hajaonekana mwekezaji yeyote. Sisi hatukufanya hivyo. Uwanja wetu ulikuwa mkubwa, nyasi nzuri, miti ya kivuli, na kila mtu alijua ni wa wote, ila kujua kwa mdomo sio karatasi. Asubuhi moja napita nakuta bikoni mpya, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, kwenye kona, saruji bado mbichi kabisa nikigusa kidole kinaacha alama, nikauliza nikaambiwa eti ni parking ya muda tu. Ikaja parking, zikafuata fremu za maduka, halafu mabati, na tulipoenda ofisini tukaonyeshwa notisi ya kubadilisha matumizi ya ardhi ambayo muda wake wa pingamizi ulishapita zamani. Nusu ya uwanja ikaenda hivyo, inaniuma mpaka leo.

Nusu iliyobaki ndo tuliipigania. Tukaomba nakala ya mchoro wa mipango miji yenye muhuri, tukakuta pameandikwa wazi kabisa eneo la wazi, tukapiga picha zenye tarehe, kisha kila mtu akaandika barua yake ya pingamizi kwa maneno yake mwenyewe. Msiandike barua moja mkaisaini wote, ni rahisi sana kuiweka pembeni, ila barua sitini tofauti lazima mtu azisome. Na kila mkipeleka barua hakikisheni mnarudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, bila hiyo kesho wanasema hawajawahi kuiona.

Mtaambiwa mnapinga maendeleo na ajira za vijana. Msigombane, waonyesheni maji. Kwetu ile sehemu ilipopigwa zege mvua haina tena pa kuzama, inashuka yote kwa majirani wa chini ambao zamani hawakujua mafuriko ni nini.

Halafu fuatilieni hela inatoka wapi. Mwaka 1989 Wangari Maathai, yule mwanaharakati wa mazingira wa Kenya, alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park pale Nairobi hakuishia kulalamika, aliandika barua kila mahali mpaka nje ya nchi, akatukanwa sana hadi bungeni, lakini wawekezaji wakajitoa na jengo halikujengwa.

Na uwanja utumieni jamani! Ukijaa takataka ndo wanapata sababu ya kusema ni pori halina kazi. Sisi sasa kila Jumamosi tunafagia, tunamwagilia miche, watoto wanacheza, na nakala za mchoro ziko kwenye nyumba nne tofauti, kwa sababu ya kwanza tuliiacha kwa mtu mmoja akahama nayo.