Ulizeni kwanza mtoto anabaki na nani

Ninyi mnaoanza kuwahudumia wazazi wanaotafuta kazi katika vituo vya familia hapa Kampala, naomba mlishike hili kabla ya mengine: mzazi akiketi mbele yenu, msianze na vyeti vyake, bali mwulizeni mtoto anabaki na nani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na akiugua inakuwaje.

Nilichelewa kulijua hilo. Katika mwaka wangu wa kwanza nilimtafutia mama mmoja wa Makindye, mkimbizi kutoka Kongo mwenye watoto wawili wadogo, kazi katika kiwanda kimoja kule Namanve, nikafurahi mno. Zamu ilianza saa moja asubuhi, na kwa msongamano wa barabara ya Jinja ilimbidi kupanda teksi alfajiri, wakati jirani aliyekubali kumlelea watoto angali amelala. Hakumaliza wiki mbili. Sikuwa nimemwuliza swali hata moja kuhusu asubuhi yake, na hilo linaniuma hadi leo.

Tangu hapo naandika na kila mzazi saa zake za siku nzima, kisha tunatafuta kazi inayoingia ndani ya saa hizo: ushonaji karibu na nyumbani, meza sokoni, au zamu ya mchana kwa kupokezana malezi na jirani. Akina baba nao waulizwe vivyo hivyo, ingawa huja wachache.

Sheria mzijue vizuri, kwa kuwa waajiri wengine huzipuuza. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi yenye malipo, na baba siku 4. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka huohuo inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Kuhusu shilingi milioni moja ambazo serikali huzikopesha kaya kupitia Mpango wa Maendeleo wa Parishi, ulizeni kwanza kama mzazi ana namba ya kitambulisho cha taifa, kwa kuwa bila namba hiyo hazipati, na kumpa tumaini lisilokuwapo mtu aliyekwisha kupoteza mengi ni kumwumiza upya.

Mzazi akipata kazi, msilifunge faili lake. Mpigieni simu mwishoni mwa wiki ya kwanza, jioni akiwa amesharudi, na habari za watoto zitangulie habari za kazi.