Nina D mbili na miaka 36, naweza kwenda chuo?

SWALI: Dada habari, mi ni mama wa watoto watatu niko Masasi, form four nilipata D ya Kiswahili na Uraia basi, natamani sana kusomea maendeleo ya jamii ila naona umri umeshanitupa. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, umri wala haujakutupa, kinachokukwamisha ni hizo D kuwa mbili tu. Ngazi ya cheti wanataka ufaulu masomo manne, dini haihesabiwi, kwa hiyo umebakiza mawili tu! Jiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, wanaanza mapema mwaka, na usijibebeshe masomo saba, chukua matatu, mfano Historia, Jiografia na Baiolojia, moja likigoma mawili yanakutosha. Sasa sikiliza hapa, mtihani ni Novemba na wewe unajua mwezi wa kumi korosho zimeshachachamaa, huna muda wa kushika daftari, so usome kwa nguvu kuanzia Januari mpaka mwezi wa nane, hata saa moja kila usiku watoto wakilala, na mwambie mzee nyumbani mapema ajue. Anayesoma hapa na aliishia la saba, yeye aanze na QT, ule mtihani wa maarifa unaofanywa kabla ya kuruhusiwa kufanya wa form four. Ile namba yako ya zamani ya mtihani itafute leo, utaulizwa.