Mbwa Hajui Alifu Wala Be, Sasa Darasani Anafanya Nini?

Toleo lililopita niligusia kwa aya moja tu habari ya watoto wanaojizoeza kusoma kwa kumsomea mbwa hadithi kwa sauti. Barua zimemiminika. Nyingine zina shauku, nyingine mashaka, na moja ni ya mtoto, nayo ndiyo iliyonifurahisha kupita zote. Nimefundisha watoto wadogo kusoma kwa miaka mingi, na nimeketi pembeni ya mkeka wenye mtoto, kitabu na mbwa zaidi ya mara moja. Nawajibu kwa niliyoyaona na niliyoyasoma.

Mbwa hajui alifu wala be. Anamfundishaje mtoto kusoma?
*Mwalimu wa darasa la pili*

Hamfundishi, mwalimu mwenzangu. Herufi na sauti zake, kuunganisha silabi, kulitambua neno kwa kulitupia jicho, yote hayo ni kazi yako na yatabaki kuwa kazi yako. Mbwa anaingia baadaye, pale mtoto anapotakiwa kufanya mazoezi kwa sauti na hathubutu.

Mtoto huyo unamjua, hakuna darasa lisilo naye. Ukimwita asome, anasimama kwa kujivuta, anainua kitabu mpaka kinamficha uso, anaanza "m... ma... mam...", na kabla hajafika mwisho wa neno, sauti tatu nyuma yake zimeshamalizia. Wengine wanacheka. Kesho yake, saa ya kusoma ikikaribia, anaumwa tumbo. Akili anayo. Ila kila akijaribu anaaibika, aliyeaibika hukwepa, na anayekwepa hapati mazoezi. Mtoto wa nyumba yenye vitabu, na mkubwa wa kumsikiliza jioni, ana pa kukosea bila watu kujua. Yule ambaye wazazi wake wanarudi usiku wamechoka, au wao wenyewe hawakubahatika kusoma, kosa lake la kwanza analifanya mbele ya darasa zima.

Sasa mkalishe mtoto huyohuyo kwenye mkeka, karibu na mbwa mpole aliyejilaza, kitabu mapajani. Nilimtazama msichana mmoja wa miaka minane. Kidole cha mkono wa kulia kilikuwa chini ya mstari, mkono wa kushoto umezama kwenye manyoya ya shingo ya mbwa. Alipokwama, kidole kilisimama lakini ule mkono mwingine ukaendelea kupapasa. Hakuna aliyemmalizia neno. Alilirudia mara nne kutoka mwanzo, mara ya tano likatoka zima, naye akageuza kitabu ili mbwa aione picha.

Anayefanya kazi kimyakimya pale ni mwenye mbwa, ambaye naye amepewa mafunzo. Mtoto akikosea hamrukii kumsahihisha. Anasema kwa niaba ya mbwa: "Nadhani neno hilo hajawahi kulisikia, hebu mweleze maana yake." Au: "Hapo hakupasikia vizuri, mrudie." Mtoto anarudia sentensi bila kujiona amekosea, na mara nyingine anajikuta yeye ndiye anayemweleza mwenzake. Kwa mtoto aliyezoea kuwa wa mwisho kujua, hilo ni jambo kubwa. Kwa maoni yangu hila hiyo ndogo ina uzito kuliko manyoya yote.

Mambo haya yalianzia wapi?
*Msomaji wa siku nyingi*

Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto huko New York, aliandika mwaka 1962 jinsi mbwa wake, Jingles, alivyomsaidia kuwafikia watoto waliokuwa wamejifungia ndani ya nafsi zao. Wenzake wengi hawakumchukulia kwa uzito wakati huo. Upande wa kusoma hasa, mpango uliofungua njia ni R.E.A.D. (kifupi cha Reading Education Assistance Dogs, yaani mbwa wasaidizi wa elimu ya kusoma), ulioanzishwa mwaka 1999 na shirika la Intermountain Therapy Animals mjini Salt Lake City, Marekani. Wazo lilitoka kwa muuguzi, Sandi Martin, na mbwa wake Olivia alikuwa miongoni mwa wasikilizaji wa kwanza. Walianza maktaba, kisha wakaingia shuleni. Leo mipango ya namna hiyo ipo Uingereza, Kanada, Australia, Afrika Kusini na kwingineko.

Kuna ushahidi wowote, au ni picha za kupendeza tu?
*Baba wa watoto wawili, mhandisi*

Swali zuri, na usiache kuliuliza hata pale mtu anapokuonyesha picha inayokutoa machozi.

Nianze na mwili. Mwaka 1983 Erika Friedmann na wenzake nchini Marekani waliwapima shinikizo la damu watoto 38, wakiwa wametulia na wakiwa wanasoma kwa sauti. Kusoma kwa sauti mbele ya mtu hupandisha shinikizo. Mbwa mpole alipokuwepo chumbani, vipimo vilikuwa chini zaidi katika hali zote mbili. Hilo linaendana na yale ambayo mwalimu yeyote anayaona kwa macho: mabega yanashuka, pumzi inarudi, kile kijasho cha viganjani kinakauka.

Lakini kutulia si kusoma. Kwa hiyo utafiti ninaoupenda zaidi ni ule wa Marieanna le Roux na wenzake, Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2014. Walichukua watoto 102 wa darasa la tatu waliokuwa nyuma katika kusoma, katika shule ya mazingira ya kipato cha chini. Wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilimsomea mbwa, jingine likamsomea mtu mzima, la tatu likamsomea mwanasesere wa dubu, na la nne likaendelea na masomo yake ya kila siku. Zoezi lilifanyika mara moja kwa wiki kwa wiki 10. Mwishoni, waliomsomea mbwa walikuwa mbele ya wenzao katika kuelewa walichokisoma. Naupenda kwa sababu uliuliza swali gumu: je, ni mbwa, au ni kule kupata tu mtu wa kukusikiliza? Na uliwauliza watoto wale ambao msaada huu ungewafaa zaidi.

Upande wa pili wa mizani nao uwekwe. Mwaka 2016 Sophie Hall, Nancy Gee na Daniel Mills walipitia tafiti 48 za watoto kuwasomea mbwa. Walikuta dalili za kutia moyo katika hamu ya kusoma na kujiamini, na pengine katika kusoma kwenyewe, ila wakasema wazi kwamba nyingi kati ya tafiti hizo ni dhaifu: watoto wachache, muda mfupi, hakuna kundi la kulinganisha nalo.

Mimi nasimama hapa. Kwamba mbwa humpunguzia mtoto hofu na kumpa hamu ya kurudi kwenye kitabu, sina shaka. Kwamba atamfanya asome vizuri peke yake, bila mwalimu anayejua kazi yake, siamini, na anayewaahidi wazazi hivyo anawapotosha. Shule inayotaka kujua ukweli wake ipime. Mpe kila mtoto kifungu kifupi asome kwa dakika moja kabla ya kuanza na tena baada ya wiki 10, hesabu maneno aliyoyasoma sawasawa, kisha muulize maswali matatu ya kilichosemwa. Maswali usiyaache. Nimekutana na watoto wanaosoma kama maji ya mto na hawajui walichosoma.

Mwanangu anaogopa mbwa sana, na mdogo wake ana pumu. Watalazimishwa?
*Mama mwenye wasiwasi*

Hapana, mama. Mpango wowote wa kueleweka huanza na ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na ndani yake huulizwa habari za mzio, pumu, hofu na imani ya familia. Zipo nyumba ambazo kwa sababu ya dini hazigusani na mbwa, na hilo halihitaji mjadala wala kubembelezana. Mtoto wa nyumba hiyo atengewe msikilizaji mwingine wakati uleule, tena kwa furaha ileile, asibaki anachungulia dirishani kama aliyekosa sherehe.

Mwenye pumu asiingie kabla hujazungumza na daktari wake. Mwenye hofu akitaka mwenyewe, aanze akiwa mbali, mlango wazi, kitabu mkononi, na asogee kwa hatua zake. Asipotaka, basi.

Jirani yetu ana mbwa mpole mno. Tumlete kituoni kesho?
*Mlezi katika kituo cha watoto*

Usimlete, tafadhali. Upole wa nyumbani ni kitu kimoja, na upole mbele ya watoto ishirini wanaopiga kelele ni kitu kingine kabisa. Mbwa wa kazi hii huwa ametimiza umri wa utu uzima, ana chanjo zote, amekaguliwa na daktari wa mifugo, huogeshwa kabla ya ziara, na amepita mtihani. Katika mtihani huo huangushwa kitu cha kelele nyuma yake, hukumbatiwa vibaya na mgeni, hushikwa masikio, hupita karibu na mbwa mwingine na karibu na chakula. Asipostahimili, anabaki kuwa mbwa mzuri wa nyumbani.

Chanjo sina namna ya kuipunguzia uzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kuona kama mbwa ataugua.

Na mbwa mwenyewe hachoki?
*Mpenda wanyama*

Anachoka. Kila mtoto hupewa kama dakika 20, na Pet Partners, shirika la Marekani linalosajili wanyama wa kutembelea shule na hospitali, haliruhusu mnyama afanye kazi zaidi ya saa mbili kwa siku. Akianza kupiga miayo mfululizo, kujilamba midomo, kugeuza kichwa pembeni au kutoa weupe wa jicho, anaomba kuondoka, na mwenye mbwa anapaswa kumwelewa kabla hajalazimika kusema kwa meno.

Hatuna mbwa aliyefunzwa na hatutampata. Tukae tu?
*Mwalimu wa kujitolea*

Msikae, ndugu yangu. Rudini kwenye yale yanayomfanya mbwa afae. Hakatizi. Hana haraka. Hapangi watoto nani wa kwanza na nani wa mwisho. Mtu mzima anaweza kujizoeza hayo, ingawa nakiri ni magumu kwetu walimu, maana ulimi wetu umezoea kusahihisha. Mtoto akikwama, hesabu moyoni mpaka tano kabla hujafungua mdomo. Utashangaa ni mara ngapi neno linatoka ukifika nne.

Kuna njia nyingine pia. Huko Pennsylvania, Marekani, makazi ya wanyama ya Animal Rescue League of Berks County yalianza mwaka 2013 kuwaalika watoto wawasomee paka wanaosubiri kupata nyumba. Huko Missouri, Marekani pia, wapo watoto wanaokaa sakafuni mbele ya vizimba na kuwasomea mbwa waliookotwa, na wale mbwa waoga husogea taratibu mpaka karibu na sauti. Kwa mtoto mdogo kuliko wote, hata mwanasesere anaweza kuwa hadhira, mradi mtu mzima yupo karibu naye.

Ila vitabu havina mbadala. Katika mpango wa R.E.A.D. mtoto akitimiza vipindi vyake hupewa kitabu kiwe chake, kimepigwa muhuri wa unyayo wa mbwa aliyemsikiliza. Kwa mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna kitabu hata kimoja, mkipata fedha kidogo, anzeni hapo kabla ya kumfikiria mbwa.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 10. Nataka kujua, mbwa anaielewa hadithi ninayomsomea au anajifanya tu?
*Msomaji mdogo*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza jambo ambalo wataalamu wenyewe wamelihangaikia.

Hadithi yenyewe haielewi. Hajui nani mwizi wala nani shujaa. Lakini maneno mojamoja anaweza kuyajua mengi kuliko tunavyodhani. Mbwa mmoja aitwaye Rico, wa Ujerumani, alijua majina ya vitu zaidi ya 200. Akaja Chaser, wa Marekani, akafundishwa majina ya vitu vyake vya kuchezea 1,022, na ukimtajia kimoja alikwenda kukichukua hichohicho. Huko Budapest, Hungaria, mwaka 2016, watafiti waliwafundisha mbwa kulala tuli ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo, wakawasemesha. Ikaonekana kwamba ubongo wa mbwa husikiliza mambo mawili, neno lenyewe na namna sauti inavyolitamka.

Kwa hiyo hajifanyi. Anakusikiliza sauti yako. Ukinong'ona pale simba anaponyemelea, masikio yake yatainuka. Ukicheka, huenda mkia ukapiga sakafu. Jaribu kusoma ukurasa mmoja kwa sauti kavu, halafu uusome tena kwa sauti ya kila mhusika, umtazame masikio. Kisha niandikie ni kitabu gani, na masikio yaliinuka kwenye neno lipi.