Paka kamuuma mtoto kidoleni, damu kidogo: usisubiri kesho

Dada, umeuliza kama unaweza kungoja hadi kesho kwa kuwa mtoto alitoka damu kidogo tu. Usingoje. Huko kudhani ni kidogo ndiko kulikoniponza mimi.

Nauza maharagwe na unga Kadutu, hapa Bukavu, na paka wangu yupo kwa ajili ya panya, si wa kubembelezwa. Jioni moja nilimvuta nyuma ya magunia, akanizamisha jino kwenye kiungo cha kidole. Tundu kama la sindano. Nikafuta kwa kitambaa, nikaendelea kupima maharagwe. Saa nane usiku kidole kilikuwa kinapwita, mkono umevimba hadi ngozi inang'aa, ngumi haikunjiki.

Asubuhi famasi nikasema tu nina kidonda kimevimba. Nikapewa kloksasilini, dawa ya kuua bakteria. Nimeimeza siku mbili, wekundu ukapanda hadi kiwikoni, na homa juu yake. Hospitalini daktari alianza na swali moja: umeumwa na nini? Nilipotaja paka akaguna. Vinywani mwa paka wengi kuna bakteria waitwao Pasteurella, na kloksasilini haiwawezi vizuri. Kawaida hutumika amoksisilini yenye klavulanati. Jino la paka ni jembamba, linawafikisha hadi kwenye kiungo na kano, kisha ngozi inajifunga juu yao. Mbwa hurarua, mtu akaogopa na kukimbilia matibabu. La paka halitishi, na ndilo linaloambukizwa mara nyingi zaidi. Nilipasuliwa kidole kutolewa usaha. Mpaka leo hakikunjiki chote.

Akaniuliza pia kama nimewahi kutolewa bandama, au kama nakunywa pombe sana. Nilikasirika kidogo, nikadhani ananisema. Kumbe kuna bakteria mwingine, Capnocytophaga, wa mate ya mbwa hasa, ambaye kwa watu wa namna hiyo huingia kwenye damu na anaweza kuua ndani ya siku chache.

Basi muoshe mtoto kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata kama mlishakiosha. Usipake majivu wala mafuta. Mpeleke leo hii, useme wazi: paka, kidoleni, saa fulani. Uulizie pepopunda, na chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye hukiambukiza, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kama paka ni wenu msimuue. Mfungieni aangaliwe siku 10, lakini chanjo isimngojee yeye. Wangu alizimaliza ndani ya tenga, panya wakanitobolea gunia zima la unga.