Uyoga wa Msituni: Anza Kitakoni, Si Kofiani

Ukikata uyoga juu ya udongo, ushahidi wa kama una sumu umeuacha ardhini. Amanita phalloides, uyoga ulioua watu wengi kuliko mwingine wowote, una kifuko cheupe kinachokumbatia kitako cha shina, na mara nyingi kimefukiwa chote. Chomeka kisu sentimita 5 kando ya shina, kipite chini ya kitako, uinue uyoga na udongo wake, kisha upanguse kwa vidole. Usivute: shina litachomoka na kifuko kitabaki chini. Pete ya shinani na mabaka ya kofiani ni alama nzuri zikiwepo, ila zisipokuwepo hazithibitishi kitu, kwa kuwa mvua huosha mabaka na pete hudondoka.

Sasa geuza kofia utazame zile kurasa nyembamba. Za Amanita phalloides hubaki nyeupe. Za Agaricus, jamii yenye aina nyingi zinazoliwa, huwa za waridi kisha hugeuka kahawia kama chokoleti. Tatizo ni uyoga mchanga, maana kurasa za Agaricus wakati huo zimepauka, na hapo ndipo watu huponzwa. Kwa hiyo pima rangi ya spora, ile mbegu yake laini kama vumbi. Kata shina, laza kofia kwenye kipande cha kioo kurasa zikitazama chini, dondoshea tone la maji juu yake, funika kwa bilauri, uache saa 6 hadi usiku kucha. Kioo ni bora kuliko karatasi nyeupe, ambayo huficha spora nyeupe. Kioo unakiweka juu ya kitu cheusi, kisha cheupe. Agaricus huacha kahawia iliyokolea, Amanita nyeupe. Kofia iliyokauka au isiyofunguka haitaacha kitu, na hilo si jibu.

Hata kahawia haitoshi. Kwaruza kitako: kikigeuka njano kali papo hapo na kunuka wino, huo ni Agaricus xanthodermus, wa kutapisha na kuharisha.

Ukiokota kitu cheupe mfano wa yai, kipasue katikati toka juu hadi chini. Nyama nyeupe tupu, laini mithili ya jibini, ni dalili ya uyoga-mpira, ule wa duara usio na kofia wala shina. Ukiona ndani mchoro wa kofia na shina, umeshika Amanita changa.

Imani kwamba kijiko cha fedha hubadilika rangi kikigusa uyoga wenye sumu, au kwamba konokono akiula basi ni salama, ziache. Kuchemsha nako hakuondoi sumu ya Amanita phalloides. Dalili zake huchelewa, kwa kawaida saa 6 hadi 24, kisha kutapika hutulia kana kwamba umepona huku ini likiendelea kuharibika. Ndiyo maana kila mara mmoja mzima, na kitako chake, hubaki bila kupikwa, umefungwa kwa karatasi ndani ya friji: daktari atauhitaji.