Pikipiki kubwa ya safari: miaka 11 na kilomita laki moja, na vitu vilivyonilaza njiani

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umepata pikipiki ya safari, cc 650, umri miaka 15, imetembea kilomita 58,000, iko Njiro, Arusha, na muuzaji anajisifu kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Unataka kujua kama itakupeleka Dar na Dodoma miaka mitano mbele au unanunua kesi. Naona waliotangulia wamegawanyika: wengine wanakwambia chuma hicho hakifi, wengine wanasema achana nayo, tafuta gari la IST upumzike. Ngoja na mimi niweke yangu, maana ninayo ya aina hiyo hiyo tangu 2013.

Jina la kampuni sitaji. Ukitaja tu, uzi unageuka Simba na Yanga na hakuna anayesaidika tena. Ni ya Kijapani ya mwaka 2008, silinda mbili, inapozwa kwa maji, tanki lita 22, inatumia cheni. Niliinunua ikiwa na kilomita 41,000, leo ina 143,000. Naishi Moshi, nauza dawa za mifugo, kwa hiyo wiki yangu ni Longido, Same, Simanjiro, wakati mwingine Babati hadi Kondoa. Siyo pikipiki ya kunyweshea soda Jumapili. Na toka siku ya kwanza nina kaunta buku: kila oili, kila balbu, kila pancha imeandikwa na tarehe na kilomita. Haya ninayokwambia nayasoma humo, sisemi kwa mapenzi.

Injini nitaimaliza haraka kwa sababu haina hadithi. Oili namwaga kila kilomita 5,000. Kitabu kinaruhusu 6,000, lakini kitabu hakijawahi kupita Engaruka mwezi wa tisa. Tapeti, yaani ule uwazi mdogo wa valvu, zinapimwa kila kilomita 24,000, na kwa miaka yote hiyo zimerekebishwa mara moja tu, mbili za upande wa ekzosi, fundi akabadilishana vile visahani vya chini kutoka valvu moja kwenda nyingine, basi. Lita moja ya petroli inanipa kilomita 20 hadi 22. Nikijaza Moshi nafika Korogwe bila kufikiria mafuta na chenji inabaki. Kwa hiyo muuzaji akikwambia injini haijafunguliwa, mwitikie tu. Hicho siyo kitu cha kukunyima usingizi, na wala siyo sababu ya kukupandishia bei.

Kosa moja la injini lilikuwa langu mwenyewe. 2015 niliishiwa oili Babati, nikanunua dumu la oili ya gari, ile inayosifiwa kwamba inapunguza ulaji wa mafuta. Klachi za pikipiki hizi zinaogelea ndani ya oili ya injini. Oili ya namna ile ina vilainishi vya kufanya vyuma viteleze, na pleti za klachi nazo zikateleza. Nikaja kugundua napanda Mombo kwenda Lushoto: injini inanguruma kama lori, mwendo hauongezeki, na bodaboda aliyebeba magunia mawili ya kabeji ananipita huku ananiangalia usoni. Tangu siku ile nasoma kopo kabla ya kulipa. Lazima liwe na herufi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za namna hii, lisipokuwa nazo hata kama ni la bure silitaki.

Sasa nije kwenye kitu kinachoua pikipiki hizi, maana hapa ndipo pesa yako ilipo. Ni umeme wa kuchaji.

Novemba 2016 natoka Dar. Nimepita Hedaru saa kumi na mbili jioni, joto la pale mnalijua, na kuanzia Mkomazi nilikuwa nakwenda taratibu kwa ajili ya tochi za trafiki, kila kijiji hamsini kwa hamsini. Naona taa ya mbele inafifia kama mshumaa unaoishia. Halafu mshale wa spidi ukaanza kucheza. Nikasema ni balbu. Kilomita chache baadaye, Makanya naiona kwa mbele, injini ikakohoa mara mbili ikazima. Nikashuka, na kabla sijafungua kiti nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua.

Nikasukuma. Kilo mia mbili na kitu, pamoja na maboksi yamejaa dawa za minyoo. Vijana wawili wa bodaboda wakanisaidia hadi kwa fundi wao, mzee mmoja wa Kipare mwenye banda chini ya mwarobaini. Nikatoa mita yangu. Betri ikasoma volti 11.4. Akachomeka waya kutoka betri ya gari tukawasha, nikakanyagia moto, namba haikupanda hata kidogo. Mzee hakuhitaji mita. Alifuata waya kwa kidole kutoka kwenye injini, akafika kwenye soketi yenye waya tatu za njano, akaivuta. Ilikuwa imeyeyuka, nyeusi, pini moja imebaki upande wa pili.

"Mangi, hii siyo betri. Hii imeanza kuungua zamani, wewe ndiyo umechelewa kuijua."

Alikuwa sahihi, na sababu yake inafaa uielewe kabla hujatoa hela. Ndani ya injini kuna koili inayozalisha umeme muda wote kulingana na mzunguko, uutake usiutake. Kisha kuna regyuleta, lile dude la aluminiamu lenye mapezi, linaugeuza uwe wa betri na kuuzuia usizidi. Kwa aina iliyofungwa kwenye pikipiki nyingi za miaka ile, umeme uliozidi hauzimwi, unageuzwa joto. Sasa weka hilo dude mahali pasipopata upepo, ongeza joto la tambarare za Same, ongeza mwendo wa hamsini, na vumbi lililoingia kwenye soketi kwa miaka minane. Pini ikilegea kidogo inapata moto, ikipata moto inalegea zaidi, hadi siku inayeyuka. Haikatiki ghafla. Inakufa miezi mingi huku wewe unabadilisha betri na kulaumu betri.

Nililala gesti pale pale. Asubuhi mzee akanikodishia betri ya gari, ile N50, tukaifunga kwenye kiti cha abiria kwa mipira ya tyubu, waya mbili nene zikapita chini ya kiti, fyuzi ya taa kubwa tukaichomoa kupunguza ulaji. Akadai laki moja ya rehani na kitambulisho changu cha kura. Nikamtania kwamba Mpare ni Mpare tu, akacheka, lakini kitambulisho akaweka mfukoni. Nilifika Moshi saa nne na nusu na betri bado ina nguvu. Betri na pesa ya kukodi nikavirudisha kwa basi siku hiyo hiyo. Kitambulisho changu kilirudi baada ya wiki.

Hadithi haikuishia hapo, na hapa ndipo nataka unisikilize. Regyuleta yake haikuwepo Moshi wala Arusha. Nikashauriwa nifunge ya pikipiki ndogo. Nikafunga. Siku ya pili betri imevimba pembeni kama andazi, mita inasoma 15.6. Nikaacha ujanja, nikaagiza nje, ikachukua siku 36 kufika. Siku 36 pikipiki nzima, injini nzima, tairi mpya, imekaa ukumbini imefunikwa shuka, mimi napanda Hiace na boksi la dawa mapajani.

Ndiyo maana maswali ya "inaharibika mara ngapi" huwa hayanipi jibu. Kwenye buku langu, kwa miaka 11, imenisimamisha barabarani mara tatu. Ya kwanza hiyo ya Makanya. Ya pili beringi ya gurudumu la nyuma, kati ya Mto wa Mbu na Engaruka, barabara imejikunja kama bati la kuezekea. Ilianza kwa mlio kama wa ndege, nikapuuza, ikaishia kwa gurudumu kucheza. Ya tatu ni aibu: Rombo, mvua, matope, nikiingiza gia injini inazima. Nikavua kiti, nikatoa plagi, nikamwita fundi kutoka Mkuu. Nusu siku. Kumbe ni swichi ya stendi ya pembeni, ile inayozuia usiondoke stendi ikiwa chini, imejaa tope. Fundi akaunganisha waya mbili, akachukua elfu kumi, akaondoka. Hakuna kati ya hayo matatu lililokuwa la injini.

Lakini siku ambazo imelala ikisubiri spea? Nimezijumlisha jana usiku kwa ajili yako: 137. Regyuleta 36. Klachi pleti, kwa ujinga wangu wa Babati, 28. Oili sili za shokapu za mbele 19. Beringi 2 tu, kwa sababu beringi ina namba yake pembeni, unaingia duka lolote la beringi Arusha unataja namba unapewa. Na iliyobaki, 52, ni sili ya pampu ya maji, kiringi cha ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Siku 52 kwa kiringi! Chini ya pampu kuna tundu dogo, likianza kudondosha tone ujue sili imekwisha. Na hilo pia nina sehemu yangu ya lawama, nilikuwa naongezea maji ya bomba kwenye rejeta. Wenzangu wa Arusha, maji yetu yanayopaka meno rangi tangu utotoni mnayaamini vipi ndani ya injini ya aluminiamu? Weka kulanti iliyochanganywa, au basi maji yaliyokenekwa kiwandani (distilled), yale ya kuongezea betri, siyo asidi.

Kwa hiyo hesabu yako usiifanye kwa bei ya Njiro peke yake. Tenga pesa ya pembeni, agiza kabla haijaharibika: regyuleta, sili ya pampu ya maji, oili sili za mbele, kebo ya klachi kama inatumia kebo, seti ya klachi. Vyote vinaingia kwenye boksi la viatu. Mimi lile boksi nilikuja kulinunua 2019, na tangu hapo siku za kulala ni zile mbili za beringi tu. Cheni na sproketi usiwe na wasiwasi nazo, utapata, ila paka oili nzito ya gia kila jioni ya safari wakati bado ina joto. Yangu inafika kilomita 22,000 na vumbi letu hili. Tairi la nyuma kwangu linaisha kwenye 11,000 hivi, matuta na rasta zinalila kuliko mwendo.

Ukifika Njiro, kilomita 58,000 usizitazame sana. Uliza imekaa muda gani bila kutembea. Iliyotembea kila wiki ikafika laki ni afadhali kuliko iliyolala miaka mitatu chini ya turubai, maana ukiilaza mipira inakauka, tanki linashika kutu ndani na betri inakufa. Tazama tairi ubavuni, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. Kama tairi ni la 2014 na bado lina kashata, yaani meno yake, umeshapata jibu la muda iliolala. Isimamishe kwenye stendi kubwa, gurudumu la mbele lielee, zungusha usukani polepole. Ukihisi unakwama katikati kama kuna kishimo, beringi za steringi zimekwisha. Mwanga tochi nyuma kwenye chuma kinachobeba maboksi, tafuta ufa au alama ya kuchomelewa. Yangu imechomelewa mara mbili, kosa la maboksi mazito na barabara ya Natron.

Halafu mita kwenye betri. Imezimwa, isome 12.6 hivi. Iwashe, ipandishe mzunguko hadi elfu tano, inatakiwa ivuke 14 na isifike 15. Ikigoma kwenye 13, fungua soketi ya waya za njano uione kwa macho yako. Ikiwa imebadilika rangi siyo mwisho wa dunia, ila bei ishuke kwa thamani ya regyuleta na koili, na muuzaji asikwambie ni betri.

Jumamosi hii nipo Arusha, naleta mzigo soko la Kilombero asubuhi, saa tano nitakuwa huru. Nitumie ujumbe nije na mita. Muuzaji mwambie asiiwashe kabla hatujafika, nataka kuishika injini ikiwa baridi.