Hilux inakata nguvu mlimani: kabla hujanunua pampu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Hilux D-4D ya 2008, injini ya 1KD, imetembea kilomita 240,000. Nabeba bidhaa za duka kutoka Dar hadi Mafinga. Kwenye tambarare gari halina shida. Nikianza kupanda Kitonga na mzigo linakosa nguvu ghafla, mizunguko haivuki 2,500 hata nikikanyaga mafuta mpaka mwisho, na taa ya injini inawaka. Moshi hautoi. Nikizima nikapumzika dakika kumi, linawaka na kwenda vizuri, halafu baada ya kona kadhaa linarudia. Fundi wa kwanza kabadilisha filta ya dizeli, haikusaidia, sasa anasema pampu imekufa. Wa pili anasema ni nozeli. Nimfuate nani?

JIBU: Salama, kaka. Kwa sasa usimfuate yeyote kati yao. Inawezekana mmoja wao yuko sahihi, lakini kwa ulivyoeleza hakuna aliyepima kitu. Wamekisia, na pampu ya common rail (mfumo ambao nozeli zote hulishwa dizeli ya shinikizo kubwa kutoka bomba moja, yaani reli) ni kitu ghali mno kununuliwa kwa kukisia.

Barua yako ina maneno mawili ambayo kwangu yana uzito kuliko hiyo taa: "moshi hautoi". Injini ya dizeli ikikosa nguvu, kwanza tazama nyuma. Moshi mweusi mzito maana yake mafuta yanafika ila hewa haitoshi kuyaunguza, kwa hiyo unaenda kwenye filta ya hewa, mipira ya intakula (kipoza hewa), tabo (kisukuma hewa), sensa ya hewa, EGR (valvu inayorudisha moshi kiasi kwenye injini). Ikikosa nguvu na bomba liko safi, mara nyingi ni mafuta yenyewe ndiyo hayafiki. Si sheria isiyovunjika, maana tabo ikigoma kompyuta nayo inaweza kupunguza mafuta na moshi usiuone, lakini ndipo pa kuanzia.

Sasa, kwa nini lifanye hivyo Kitonga tu? Kwa sababu huko ndiko injini inakodai mafuta mengi kwa muda mrefu. Injini yako ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, inahitaji shinikizo la kama MPa 30 hadi 40 (MPa ni kipimo cha shinikizo) ndani ya reli. Ukiibebesha mzigo mlimani, shinikizo hupanda kuelekea 160. Kompyuta huagiza kiasi fulani, kisha husoma kwenye sensa ya reli kama kimefika. Kikiwa pungufu kwa muda, inawasha taa na kuibana injini isijiumize. Ukizima na kuwasha, inaanza kuhesabu upya, ndiyo maana nguvu inarudi. Kwa hiyo ule mgomo unaouona ni kompyuta inajilinda, na ugonjwa wenyewe uko nyuma yake.

Kuna sababu ya pili ya nguvu kurudi baada ya kupumzika, na hii nimeilipia ada. Miaka ya nyuma nililetewa pikapu yenye dalili kama zako kabisa. Nilijiamini, nikashauri pampu, ikafungwa, mwenye gari akaondoka. Siku mbili baadaye akapiga simu yuko katikati ya mlima. Tulipokuja kushusha tangi tukakuta kipande cha mfuko wa nailoni. Injini ikivuta kwa nguvu, kile kipande kinakwenda kuziba bomba la kunyonyea. Ukizima, kinaachia na kuelea zake. Pampu ya zamani ilikuwa nzima. Tangu siku hiyo sigusi pampu ya mtu kabla sijaona sakafu ya tangi lake.

Kwenye Hilux yako jambo hili ni zito zaidi kwa sababu ndani ya tangi hakuna pampu ya kusukuma. Pampu iliyo kwenye injini ndiyo inayonyonya dizeli kutoka nyuma kabisa ya gari, kupitia filta. Kizuizi kidogo tu kwenye njia hiyo kinaibana. Na kumbuka, upande wa kunyonya penye tundu dizeli haidondoki, bali hewa ndiyo inayoingia, kwa hiyo usiridhike kwa kuwa chini pakavu. Asubuhi gari linachelewa kuwaka? Ile pampu ya mkono juu ya filta ukiibonyeza inakuwa laini, inachukua muda kukaza? Hiyo ni hewa.

Hiyo filta mpya uliyofungiwa nayo siiamini mpaka niione. Filta feki zimejaa madukani, na nyingine karatasi yake inabana mafuta tangu siku ya kwanza. Kama ile ya zamani haijatupwa, ikate uikunjue karatasi yake. Ukiona matope, kutu au utelezi mweusi, basi tangi ni chafu na filta mpya nayo imeshaanza kuziba. Wanaonunua dizeli ya vidumu kando ya njia hukutana sana na hili. Fungua pia koki ya chini ya filta, kinga kwenye chupa inayoonyesha, uache itulie: maji yatakaa chini.

Kipimo ninachokupendekeza wiki hii hakihitaji mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Chukua kidumu safi cha lita 20, jaza dizeli ya kituo unachokiamini, kifunge imara nyuma kwenye bodi (kamwe si ndani ya kabini). Mwambie fundi avute mpira wa mafuta unaopitisha mwanga kutoka kwenye kidumu hadi kwenye filta, na mpira wa kurudishia nao urudi humo humo kwenye kidumu, ili tangi na mabomba yake yote viwe nje ya mchezo. Pakia mzigo, tafuta mlima. Gari likipanda bila kugoma, pampu yako haina kosa na nozeli hazina kosa. Shusha tangi, lioshe, kagua mabomba hadi mbele. Likigoma vilevile na kwenye mpira huoni mapovu, tatizo liko kwenye filta yenyewe au mbele yake, na hapo ndipo mashine inapoanza kazi.

Ukifika kwenye mashine usikubali kusomewa kodi (namba ya hitilafu) peke yake. Wengi wakiona P0087 wanatamka "pampu". Kodi hiyo inasema shinikizo la reli ni dogo, haisemi nani kalipunguza. Mwambie aweke namba mbili pamoja, shinikizo lililoagizwa na lililopatikana, na asome gari likiwa linapanda na mzigo. Ukiwa umesimama gereji, namba zitakuwa nzuri tu na mtarudi nyumbani mmedanganyana.

Zikiachana mlimani, kuna vitu viwili vya kupima kabla ya pampu nzima. Cha kwanza ni ile valvu ya umeme inayokaa kwenye pampu na kupima mafuta yanayoingia. Huchoka, hukwama kwa uchafu, na hubadilishwa peke yake. Cha pili ni marejesho ya nozeli: unaweka vichupa vinne, kila nozeli na chake, unawasha, unalinganisha. Chupa moja ikijaa mbio kuliko wenzake, nozeli hiyo inavujisha shinikizo la reli yote. Hapo fundi wako wa pili atakuwa amepatia, ila utakuwa umejua ni nozeli ipi.

Mtu asilegeze mabomba ya chuma ya reli injini ikiwa inaunguruma, kama tulivyozoea kwenye injini za zamani. Shinikizo lile linapenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini.

Na kwa kuwa ni 1KD: nozeli zikitolewa kwa sababu yoyote, zirudi na washa (pete za kuzibia) mpya za shaba. Zile za zamani zikivuja, masizi huingia kwenye oili, huziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini hufa kwa kukosa oili huku wewe ukihangaika na dizeli. Ukisikia asubuhi injini inapuliza "chu-chu-chu" upande wa juu, usisubiri.

Fanya kipimo cha kidumu, kisha niandikie gari limefanya nini mlimani na ulichokiona kwenye ule mpira. Pampu iache dukani kwanza.